Ndege Moja tu, Tuiweke Dodoma

Mtoto wa Chang'ombe, Dodoma, huzijua ndege kwa masikio. Uwanja wa ndege uko mjini, kwa hiyo tulitambua mlio kabla ndege yenyewe haijatokeza juu ya mabati. Ikipita ya jeshi, mpira ulisimama na macho yote yakaenda juu. Picha hakuna aliyethubutu kupiga. Binamu yangu alitoa simu mara moja karibu na uzio, akafokewa mpaka akatetemeka.

Sasa naishi Cambridge, Uingereza, jirani na makumbusho ya ndege ya Duxford. Siku ya maonyesho watu huja na viti vya kukunja na chupa za chai, wengine hupanda ngazi nje ya uzio wapate picha nzuri, na hakuna anayewafukuza. Spitfire, ndege ya kivita ya zamani, hupita chini chini, mlio wake ukikutetemesha kifua. Kikosi cha kwanza kupewa ndege hizo kilikuwa hapo hapo Duxford, Agosti 1938.

Lakini kilichonigusa zaidi nilikikuta ndani ya banda. Mzee mstaafu, anayejitolea bila mshahara, alikuwa akipiga ribiti kwenye bati la bawa, mikono imejaa grisi. Alinionyesha kila kiraka, akanitajia na rubani aliyewahi kuirusha ndege ile.

Nikamkumbuka Babu, jirani yetu Chang'ombe, aliyepigana Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Yeye husimulia Entebbe, Uganda, ya Aprili 1979: ndege ya mizigo ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, C-130, ikijaribu kukimbia ikapigwa kwa roketi, na ndege za kivita za Amin, MiG, zikatekwa, baadhi zikarushwa hadi Mwanza. Siku chache kabla, ndege ya mabomu ya Libya, Tu-22, ilikuwa imeilenga Mwanza hiyo hiyo. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane na kuua swala. Mambo mazito hayo, nami nimeyapata kwa mdomo wa mzee mmoja chini ya mwarobaini. Sijawahi kugusa hata kipande cha bawa la MiG hizo.

Jeshi lina haki ya kuficha ndege zinazofanya kazi. Ila ndege iliyostaafu miaka mingi ina siri gani tena? Wala tusiseme haya ni mambo ya Wazungu: Mei 2022 familia za Nairobi zilijaa Uhuru Gardens kutazama ndege za jeshi lao. Wala siombi sarakasi juu ya paa zetu. Mwaka 2015 ndege ya zamani aina ya Hunter ilianguka barabarani kwenye maonyesho ya Shoreham, Uingereza, ikaua watu 11.

Naomba ndege moja, iliyotulia chini. Dodoma inastahili, kwani shirika la ndege la Imperial Airways lilipofungua njia ya Cape Town mwaka 1932, ndege zake zilitua hapa kati ya Moshi na Mbeya. Uwanja mpya wa ndege wa Msalato ukishaanza kazi, tutengewe kona ya uwanja wa zamani: ndege, kibao cha Kiswahili chenye majina ya marubani na mafundi, na ruhusa ya kupiga picha.

Nawe msomaji, kama baba au babu yako alihudumu kwenye kambi za ndege za jeshi za Ngerengere au Mwanza, mwulize alishika ndege gani, mwaka gani, na nani. Mrekodi kwa sauti yake mwenyewe, tena mwaka huu.