Pedali Laini

Nina gari moja kuukuu, Land Rover ya toleo la tatu, nililorithi kwa marehemu baba yangu. Magari ya toleo hili yalitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata 1985, na hili langu lina umri unaokaribia wangu. Sikulirithi kwa kuwa nililihitaji, bali kwa kuwa hapana ndugu aliyelitaka. Nyumba yangu iko Sofu, katika mji wa Kibaha, nami nasomesha Dar es Salaam. Kwa hiyo kila siku ya kazi huishika Barabara ya Morogoro asubuhi na kuirudia jioni, katikati ya malori na mabasi yasiyo na subira kwa mzee kama huyu.

Breki za asili za gari hili ni za dramu katika magurudumu yote manne. Ndani ya kila dramu mna viatu viwili vilivyovikwa kitambaa kigumu. Dereva akanyagapo, viatu hutanuka vikasugua ukuta wa dramu. Ni breki aminifu wakati wa kiangazi, ila zina aibu mbili: zikipata moto sana hulegea, na zikiingiwa na maji husahau kazi yao. Masika moja nilivuka dimbwi lililofunika njia, na nilipokanyaga breki upande wa pili gari lilikwenda kama halikusikia. Siku hiyo niliazimu kutia breki za diski katika magurudumu ya mbele. Diski si jambo geni duniani. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, na mwaka 1953 motokaa ya Jaguar yenye breki za diski ilishinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa. Kwangu zilichelewa kidogo.

Fundi mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, alizifunga kwa muda wa siku mbili. Zilikuwa diski na kalipa zilizokwisha tumika, lakini safi na nzuri kwa macho. Nilipoketi na kukanyaga, mguu wangu ulishuka kama unaokanyaga mkate wa mofa uliolowa mchuzi. Nikamwambia pedali ni laini. Akanijibu kuwa pedi ni mpya, zitajikalia zenyewe baada ya safari chache. Neno lake lilikuwa na chembe ya kweli, maana pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski yake. Nami nikaichukua chembe ile nikaifanya gunia. Kusema kweli, niliona haya kuuliza zaidi. Mtu wa vitabu hupenda kuonekana mjuzi hata mbele ya watu wa spana.

Jioni ile, baada ya Kibamba, watoto wa shule walikuwa wakivuka barabara. Nilikanyaga, pedali ikaenda hata karibu na sakafu, na gari likapunguza mwendo kwa uvivu. Nikaachia, nikakanyaga mara ya pili, nikakanyaga mara ya tatu. Mara ya tatu likashika na kusimama. Kati ya bampa langu na mtoto wa mwisho palikuwa na hatua mbili. Hakugeuka kunitazama. Alikuwa akila muhogo, akaendelea kula.

Nilifika nyumbani kwa gia ndogo, polepole, huku nyuma yangu wenye haraka wakinipigia honi. Mama yangu, ambaye nilikuwa nimpeleke hospitali ya Tumbi asubuhi ya Jumatatu, aliuliza kutoka barazani, "Mwanangu, gari limepona?" Nikajibu, "Limepona, mama." Uongo ule ulininyima usingizi kuliko watoto wa Kibamba, maana jambo la watoto lilikuwa la kosa, na hili lilikuwa la kusudi.

Alfajiri nilikwenda kwa fundi wa hapa Sofu, mzee afanyaye kazi chini ya mwembe, na mti ule ndiyo gereji yake yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Linaumwa nini?"

"Breki ni mbovu."

"Mbovu vipi? Pedali inabonyea, inazama, au ni ndefu?"

Nilinyamaza. Nimesomesha elimu ya maana miaka mingi, na nimewasahihisha wanafunzi wengi kwa kutumia neno moja mahali pa matatu. Sasa nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Mzee alinieleza bila dharau. Pedali inayobonyea hushuka kwa ulaini na kurudi kama sifongo: hiyo ina upepo ndani ya mabomba. Inayozama hushikilia kwanza, kisha, ukiibana kwa mguu, hushuka taratibu: hapo mafuta yanavuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imechoka. Iliyo ndefu hwenda mbali bila kukuta kitu, halafu hugonga ugumu kama jiwe: hiyo viatu vyake viko mbali na dramu. "Nenda kakae," alisema, "usikilize kwa mguu." Nilikaa, nikasikiliza. Ilikuwa inabonyea, tena ilikuwa ndefu, lakini haikuzama.

Msomaji ataniwia radhi nikisimama kidogo kwenye neno upepo. Katika lugha ya kila siku, upepo ni hewa iendayo. Hewa iliyofungwa haina safari, basi haistahili jina hilo. Lakini mafundi wetu hujaza upepo katika gurudumu na hutoa upepo katika breki, nami siwezi tena kuwasahihisha. Waswahili walipoletewa motokaa waliipa usukani kutoka jahazini, lakini breki hawakuwa na neno la kuipa. Jahazi lilikuwa na nanga, na nanga husimamisha, haipunguzi mwendo.

Sababu ya upepo kuwa adui ni nyepesi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alionyesha kuwa nguvu itiwayo katika maji yaliyofungwa husambaa sawasawa pande zote. Mafuta ya breki hayakubali kubanwa, basi mguu ukisukuma huku, pedi husukumwa kule. Hewa hukubali kubanwa. Mguu hutumia safari yake kuifinya, na pedi hubaki zikingoja amri.

Mzee alibana mipira ya breki ya magurudumu ya mbele kwa vibano, pole pole asiijeruhi, akanitaka nikanyage. Pedali ikawa ngumu zaidi. Akaachia kibano cha kulia, ikabonyea. Akakirudisha, akaachia cha kushoto, ikabonyea vilevile. Kwa hiyo ugonjwa mkubwa ulikuwa mbele, pande zote mbili. Alifungua magurudumu, akachuchumaa, akatazama muda mrefu, kisha akacheka peke yake.

"Mwalimu, hewa hukaa juu au chini?"

"Juu."

"Nipeli ya kutolea upepo iko wapi?"

Ilikuwa chini, inatazama ardhi. Kalipa ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zilikaa vizuri, boliti zilikubali, jicho halikuona dosari. Lakini mlango wa kutolea hewa ulikuwa sakafuni na hewa ilikuwa darini. Fundi wa kwanza angaliweza kutoa upepo mwaka mzima na kupata mafuta matupu.

Kuzibadilisha kulichukua saa mbili. Kisha tulitoa upepo, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: mimi nikikanyaga na kushikilia, yeye akifungua nipeli, povu likitoka katika mpira mwembamba uliozamishwa ndani ya chupa, naye akifunga kabla sijaachia. Alikataa kopo langu la mafuta kwa kuwa lilikuwa limefunguliwa siku nyingi. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na pwani haina uhaba wa unyevu. Yale ya DOT 4, yakiwa makavu, huchemka si chini ya nyuzi 230 za selisiasi. Yakilowa, kipimo chake hushuka hata 155, na yakichemka hutoa mvuke, nao hubanika kama hewa. Nikatumwa dukani.

Mwisho aliingia chini nyuma, akavisogeza viatu vya dramu kwa spana mpaka vikakwaruza kidogo. Urefu ukapungua, ila haukuisha. Alinieleza kuwa pistoni za kalipa hizi ni pana, zinadai mafuta mengi kuliko masta silinda ya zamani ilivyozoea kutoa. Nikitaka pedali fupi nitafute masta silinda pana, lakini nijue kuwa mguu utadaiwa nguvu zaidi. Nikachagua kubaki na urefu ule, nao ni wa vidole viwili tu.

Tulilijaribu katika njia ya vumbi isiyo na watu, mara kumi, kwanza polepole kisha kwa kasi. Nilimlipa alichotaka, nacho kilikuwa kidogo kuliko nilichompa yule wa mjini.

Jioni nilimwambia mama ukweli wote, hata wa watoto. Alinyamaza, akauliza kama yule mtoto alimaliza muhogo wake. Jumatatu tulikwenda Tumbi. Breki zilishika vema njia nzima. Lakini kila nilipokanyaga, nilimwona mama naye, katika kiti chake, akikanyaga sakafu kwa mguu wake wa kulia.