Kwa nini 1089 haikosi

Hebu chukua kalamu. Andika nambari yoyote ya tarakimu tatu, mradi ya kwanza na ya mwisho zipishane kwa 2 au zaidi. Tuseme 742. Igeuze: 247. Toa ndogo kwenye kubwa: 495. Geuza jibu hilo pia: 594. Sasa jumlisha 495 na 594. Umepata 1089, sivyo? Anza upya na nambari nyingine, utarudi palepale.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, niliandika mistari michache nikajaribu nambari zote kutoka 100 hadi 999. Ni 900 tu, kompyuta ilimaliza kabla sijapepesa macho. Nambari 90 huanza na kuisha kwa tarakimu ileile, kwa hivyo hutoa sufuri. Nyingine 170 hutoa 99, na hapo lazima uandike 099 ndipo ugeuze upate 990. Zilizobaki, 640, zote zilileta 1089 bila shida. Lakini kompyuta iliniambia tu kwamba inatokea. Kwa nini inatokea, hilo haikusema.

Jibu liko kwenye hesabu ya shule ya msingi. Katika 742, ile 7 ni mia saba. Ukigeuza, inashuka kutoka mamia hadi mamoja, na kila moja ndani yake iliyokuwa na thamani ya 100 sasa ina thamani ya 1. Imepoteza 99. Ile 2 nayo inapanda, na kila moja yake inapata 99. Ya katikati haisogei. Basi tofauti ni 99 mara 5, yaani 495.

Kwa hivyo kila mara utapata mojawapo ya hizi: 198, 297, 396, 495, 594, 693, 792 au 891. Ziangalie vizuri. Katikati ni 9, na zile za pembeni zikijumlishwa ni 9. Ukiongeza kinyume chake unapata 900, na 180, na 9. Hiyo ndiyo 1089.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto tu. Katika chama chetu kuna wakati pesa zilipungua shilingi 2,700 kuliko daftari lilivyosema. Minong'ono ikaanza kumzunguka mweka hazina, mama wa watu. Lakini 2,700 inagawanyika kwa 9 bila baki, na wahasibu wanaijua dalili hiyo tangu zamani: huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Haithibitishi chochote, ila inakuonyesha pa kuanzia. Na 2,700 ni 900 mara 3, kwa hivyo tulitafuta tarakimu za maelfu na mamia zinazopishana kwa 3. Haikuchukua muda. Risiti ilisema 3,600, daftari likasema 6,300. Aliyenakili hakuwa hata mweka hazina.

Si kila mchezo wa kugeuza umepatiwa sababu, lakini. Chukua 57, ijumlishe na 75, upate 132. Ongeza 231, upate 363, inayosomeka sawa mbele na nyuma. Sasa jaribu hivyo na 196. Mwaka 1987, John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk, aliiachia kompyuta kazi hiyo. Ilipofika 1990 alikuwa na nambari ya tarakimu milioni moja, na bado haikusomeka sawa. Wengine wameendelea mbali zaidi tangu hapo. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba haitawahi.

Hapo ndipo ninapopenda hesabu hizi. Karibu miaka mitatu ya mashine haikutosha kusema "kamwe" kuhusu 196, na kwa 1089 mistari michache ya kalamu inatosha kusema "daima". Kujaribu mara nyingi hukupa matumaini, lakini uhakika unatoka kwenye sababu. Nami naambiwa kila wiki na wenzangu kazini kwamba programu fulani "imejaribiwa, iko sawa"!

Basi, ndugu msomaji, siku hesabu zenu zikikataa kulingana, kabla ya kumshuku mtu, gawanyeni ile tofauti kwa 9 kwanza.