Fimbo Mbili

Nilimchapa mwanafunzi fimbo mbili kwa kuuliza ndani ya protoni kuna nini. Kidato cha tatu, dawati la nyuma. Nilidai anatupotezea kipindi. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo, na wakati ule niliona mwalimu asiye na jibu ni sawa na aliyevuliwa nguo.

Miaka ikapita. Msimu mmoja wa masika Mto Kinyasungwe ulibomoa tuta la reli, kama ulivyozoea kati ya Kilosa na Gulwe, tukakwama stesheni ya Gulwe mimi na mpwa wangu, aliyekuwa akisoma fizikia Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku ya pili, kwa kukosa la kufanya, nikamtupia swali lile.

"Kwaki, mjomba. Na ipo kwaki moja, chamu, ambayo peke yake ni nzito kuliko protoni nzima."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza habari za maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako tangu 2010 viini vya risasi hugonganishwa mpaka protoni zenyewe ziyeyuke, ubaki uji wa kwaki na gluoni wenye joto linalozidi la kitovu cha jua zaidi ya mara 100,000. Chamu huzaliwa mwanzoni kabisa mwa mgongano, kisha haina budi kupenya uji huo.

Hupenyaje? Mbele yetu mifugo ilikuwa inavuka reli, fahali mmoja katikati ya mbuzi: chamu ni huyo fahali, chembe nyepesi za uji ni mbuzi. Mbuzi mmoja akimpiga kikumbo, fahali hana habari. Wakimsukuma mia, huyu huku, yule kule, baada ya muda humkuti pale ulipomwacha. Ndivyo Einstein alivyoeleza mtikisiko wa chembe majini mwaka 1905, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kujenga reli hii kutoka Dar es Salaam.

Lakini, akaendelea, viini vikiparuzana badala ya kugongana uso kwa uso, chaji zinazopita kwa kasi huzaa uga wa sumaku ambao wanafizikia wanakadiria unazidi wa nyota yoyote, ingawa kwa kitambo kifupi mno. Chembe nyepesi zenye chaji hubanwa: kufuata uga ni rahisi, kuukata ni shida, kama mbuzi walioswagwa katikati ya nyua mbili. (Mfano unachechemea, najua, mbuzi hawana chaji.) Hapo vikumbo havimfikii fahali kwa usawa kutoka kila upande, na chamu husambaa kwa namna moja kufuata uga, kwa namna nyingine kuukata.

Nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nakiona kile kiganja nilichokichapa.

Fimbo niliiacha. Siku hizi swali linaloshinda darasa, nami nikiwemo, huandikwa pembeni mwa ubao na halifutwi mpaka mmoja wetu alete jibu. Moja lilikaa wiki tatu.

Wewe wa dawati la nyuma, kama haya yatakufikia, nisamehe. Ndani ya protoni kuna kwaki mbili za juu na moja ya chini, na gluoni ndizo zinazozishika pamoja.