Biskuti Moja Tu Mezani

Kuna watu wakikupenda, mtaa mzima utajua. Na kuna wengine wakikupenda, utakuta tu biskuti mezani.

Ndivyo alivyo yule baba mwenye nyumba katika The Quiet Girl, filamu ya 2022 ya Colm Bairéad, iliyotokana na Foster, hadithi fupi ya Claire Keegan. Ni vijijini Ayalandi, mwaka 1981. Msichana wa miaka 9 anatoka kwenye nyumba yenye watoto wengi, na mama ana mimba nyingine. Anapelekwa kwa ndugu wa mama akae huko kiangazi. Baba yake anamshusha, anaondoka zake na gari, na sanduku la nguo la mtoto limo humo humo. Hata hakukumbuka!

Usiku wa kwanza mtoto anakojoa kitandani. Nyumba nyingi hapo ni fimbo na aibu. Yule mama mlezi analisingizia godoro, eti kosa ni la godoro. Basi, yameisha.

Mumewe mwanzoni hata hamtazami mtoto. Siku moja mtoto anapotea kidogo hapo shambani, anamfokea vibaya. Baadaye anapita jikoni, anamwekea biskuti mezani, anaondoka bila neno. Samahani hakusema. Ile biskuti ndiyo samahani.

Kumbe nyumba ile ina kidonda. Nguo alizovalishwa mtoto siku za mwanzo zilikuwa za mtoto wao wa kiume, aliyefariki hapo hapo shambani. Siri inamwagwa na jirani mmbeya. Hapo ndipo unaelewa: yule baba alipofoka hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Aliwahi kupoteza.

Filamu hii ni ya kwanza ya Kiayalandi kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya kimataifa, kwenye tuzo za 2023. Lakini sikiliza vizuri: baba mzazi anaongea Kiingereza. Kiayalandi ndicho kinachombembeleza mtoto kule kwa walezi.

Kiangazi kinaisha, anarudishwa kwao. Gari la walezi likiondoka, analikimbilia, anamrukia yule mlezi na kumkumbatia. Nyuma yao baba mzazi anakuja. Mtoto anasema "Baba". Halafu anasema tena, "Baba".

Wewe uliyeiona, ile ya pili alikuwa anamwita nani?