Kuwauguza Wanaouguza

Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata kwa mama yako, na habari kwamba sasa wewe ndiye msimamizi wa wahudumu wa kujitolea wa huduma shufaa, wanaotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hapo Tanga zimenifurahisha sana. Amenieleza pia kwamba usingizi umekupotea, na kwamba tangu yule kijana wa saratani ya mifupa afariki umekuwa mtu wa kukaa kimya. Kazi hii nimeifanya miaka mingi kabla sijastaafu. Nakuandikia mambo ambayo kwenye semina hupitiwa juujuu.

Huzuni ya wahudumu ni kazi yako, sawasawa na ratiba na nauli zao. Wengi huiona ni jambo la mtu mwenyewe, akalie kwao. Mimi sikubali. Dk. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa anayekaribia kufa hayakai mwilini tu. Kuna ya moyo, kuna ya familia na fedha, kuna ya imani. Mhudumu anayeingia nyumba ya mgonjwa huyo kila wiki anayakuta yote, na mofini humtuliza mgonjwa peke yake.

Kwa hiyo angalia sana unamtuma nani. Wengi wanaokuja kujitolea wameuguza ndugu zao wakafa mikononi mwao, na nia yao ni njema kabisa. Lakini mwanamke aliyetoka eda juzi, miezi minne na siku kumi, ukimpeleka kwa mgonjwa mwenye maradhi yaleyale yaliyomuua mumewe unamrudisha chumba kilekile. Mwambie angoje mwaka upite. Mpe kazi za ofisini, akunje gozi, awapigie simu waliofiwa, asijione amekataliwa.

Mhudumu mpya akiona kidonda cha saratani ya titi kilichofumuka, kinachomtoa nje ni harufu. Usimwambie ajikaze. Mfundishe. Maji yaliyochemshwa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa ndiyo ya kuoshea. Halafu, muuguzi akiagiza, vidonge vya Flagyl vinasagwa laini, unga wake unanyunyizwa juu ya kidonda kabla ya kuweka gozi. Zikipita siku chache harufu inapungua, majirani wanarudi kukaa chumbani, na watoto wanapanda tena kitandani kwa mama yao. Mhudumu aliyeyaona hayo kwa macho yake hamwogopi tena mgonjwa mwingine. Nimewaona wengi wakiacha kazi hii, na karibu wote walichoka kwa sababu ya kusimama mbele ya mateso mikono mitupu. Kifo chenyewe wengi walikuwa tayari kukipokea.

Ndiyo maana nakusihi uifuatilie mofini ya maji kana kwamba wewe ndiye mfamasia. Dozi ni kila baada ya saa nne, na mgonjwa akiikosa, anayekaa naye jioni ile akimsikiliza akilia ni mhudumu wako. Wenzetu wa Uganda waliliona hili mapema. Dk. Anne Merriman, baada ya kupitia Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji ya bei nafuu ikawa nguzo ya kazi yote. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea huduma shufaa kuiandikia wagonjwa. Na dawa ya kulainisha choo iende pamoja nayo tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga choo, na aibu ya jambo hilo huwafanya wagonjwa wengi wakae nalo kimya.

Sasa siri. Hapa ndipo wahudumu wanapoumia zaidi, na huwa hawasemi. Familia inampokea mhudumu mlangoni na kumnong'oneza, "Msimwambie." Anaingia ndani, na mgonjwa, wenzake wakishatoka, anamshika mkono: "Mwanangu, mimi nitapona?" Akisema ndiyo amedanganya, akisema hapana amevunja nyumba ya watu. Wafundishe kuuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje, baba?" kisha wanyamaze wasikilize, na siku hiyohiyo wamwarifu muuguzi, ambaye ndiye mwenye kazi ya kuzungumza na mgonjwa pamoja na familia. Mara nyingi mgonjwa anajua zamani. Anachotaka ni nafasi ya kuandika wasia, kulipa deni, kupatana na ndugu aliyegombana naye juu ya shamba. Siri inamnyima siku hizo, na mimi naona ni dhuluma, hata ikifanywa kwa mapenzi.

Mgonjwa akifariki, hutaweza kwenda kila mazishi, wala usijilazimishe. Aliyeuguza aende. Matanga yakiisha, muuguzi atarudi kuchukua mofini iliyobaki, ipimwe mbele ya wenyeji, iandikwe, itiwe sahihi na watu wawili. Safari hiyo mpeleke na mhudumu. Wengine hutuma dereva kwa kuokoa muda, na hilo hunisikitisha. Mjane hutoa chupa kabatini imefungwa vizuri ndani ya kitambaa, anaipangusa, anaanza kusimulia usiku wa mwisho: nani alikuwepo, nani alisoma Yasini, mgonjwa aliomba maji ya namna gani. Mhudumu anasikia sehemu ambayo hakuiona. Wanalia pamoja, wanashukuriana, chupa inaondoka. Baada ya hapo anaweza kupewa mgonjwa mwingine. Aliyefiwa na wagonjwa mfululizo mpumzishe hata kama anakataa. Wale wanaokataa sana ndio hasa wanaohitaji.

Na wewe? Nani anakusikiliza wewe? Wahudumu wako usiwamwagie, wana yao. Mama yako pia usimweleze kila kitu, presha yake unaijua. Tafuta mtu mmoja nje ya timu, muuguzi wa zamani au shehe unayemwamini, mkutane siku maalumu kila juma, usikose. Simu ya usiku ishikwe kwa zamu na wauguzi. Haiwezekani iwe mkononi mwako mwezi mzima.

Mwisho wa mwezi huu uje Dar ukae kwangu juma zima. Chumba kipo, nauli nimekwishampa mama yako. Ratiba mwachie muuguzi mkuu, na daftari la wahudumu uje nalo tulipitie jina kwa jina.

Akupendaye,
Mama yako mkubwa