Chakula cha Mwenyeji

Watu wengi hupita Makambako, lakini wachache huonja chakula chake. Mji huu umekaa penye njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Basi lisimamapo, msafiri hununua chipsi, hula kwa haraka, akaenda zake. Pengine viazi hivyo vilichimbwa katika mashamba aliyoyaona dirishani, lakini amevila kama alavyo chipsi za mji wowote mwingine, na ladha ya nchi aliyoipita haijui.

Anayetaka kuijua na aendelee kusini mwendo wa kilomita 60 hivi, afike Njombe, mji ulioinuka karibu meta 2,000 juu ya bahari. Baridi ya Juni na Julai huko humfanya mtu akione chakula cha moto kuwa nguo ya pili. Kiazi huchemshwa, hupakuliwa kingali kikifuka moshi, kikaliwa asubuhi kwa chai. Au hupikwa pamoja na maharage au njegere, kikawa mlo kamili. Makande hukaa juu ya moto wa kuni usio na pupa mpaka mahindi yalainike. Ugali huandamana na majani ya maboga, au na mnavu, mboga yenye uchungu kidogo ambao aliyeuzoea huutafuta.

Mtu wa elimu ataweza kuuliza kama hivi ni vyakula vya asili, maana mbegu za mahindi, maharage na viazi zilivuka bahari kutoka Amerika. Swali hili ni la haki, na jibu lake ni fupi: asili ya chakula ni kuzaliwa na kulelewa. Kiazi kilikuja mgeni, kikalelewa na udongo na mikono ya Wabena, na sasa ni mtoto wa nyumba.

Wapo pia wazaliwa wa Afrika yenyewe. Ulezi hulowekwa hata uchipue, hukaushwa, ukasagwa kuwa kimea. Kimea hutiwa katika uji uliopoa kiasi, nacho hugeuza wanga kuwa sukari. Hivyo hupatikana togwa, tamu pasipo kutiwa sukari. Mlanzi nao ni mwanzi wenye ukarimu. Majira ya mvua, ncha ya chipukizi lake hukatwa, na utomvu hudondoka katika kikombe cha mwanzi. Asubuhi na jioni mgemaji hurudi kukata upya ili usikauke. Ulanzi wa saa za kwanza ni mtamu na mpole. Ukilala huwa mkali, na ukizibwa sana huweza kupasua chombo. Kwa hiyo auonjaye hana budi kuufuata kwao.

Lakini mgeni apigapo hodi na kuitikiwa kwa "kamwene", jiko hubadilika. Kuku huchinjwa, na wali hupikwa kwa mchele ulionunuliwa kutoka mabonde ya mbali. Huu ni ukarimu wa kweli, na mwenye kuudharau hana adabu. Walakini mtoto aliyeketi pembeni hutazama. Hujifunza kwamba chakula cha heshima ni kile kitokacho mbali, na kwamba makande ya jana ni siri ya familia. Somo hilo halina kitabu wala mtihani, lakini hudumu kuliko mengi ya darasani. Mmea uonewao haya mezani hautakaa sana shambani, na ujuzi wa kuupika huzikwa pamoja na bibi aliyeujua.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika jambo hili mgeni ana uwezo kuliko mwalimu. Baada ya kushukuru kwa wali, na aseme kwa heshima: "Mama, kesho nipakulie mnachokula wenyewe." Mama huenda akacheka, huenda akasitasita. Lakini mtoto atakuwa amesikia, na pengine siku ile ndiyo atakayouliza ulezi huloweshwa siku ngapi.