Mchanga wa Pangani: Akina Mama Nasi Tupumzike

Wengi wetu akina mama tunaoishi mkoani Tanga tuko karibu na bahari, lakini hatuifaidi. Tukienda ufukweni na familia, sisi ndio tunaokaa mkekani kulinda viatu na kupakua pilau. Jioni tunarudi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Ndiyo maana kikundi chetu cha kanisa kilikubaliana kwenda Pangani siku mbili, bila masufuria.

Pangani iko kama kilometa 50 kusini mwa Tanga. Upande wa kaskazini wa mdomo wa mto kuna ufuko mrefu, mzuri kwa matembezi ya asubuhi. Lakini watoto wasioge pale mto unapoingia baharini, kwani mkondo wake una nguvu na humchukua hata mtu mzima anayejua kuogelea.

Ukivuka mto hadi Bweni na kuendelea kusini kama kilometa 15, unafika kijiji cha Ushongo. Huko kuna minazi, mchanga mwororo na utulivu. Mwenzetu mmoja alikuwa amemwuguza mumewe miaka miwili hadi akamzika, na tangu hapo alikuwa halali vizuri. Siku ile alijilaza kivulini baada ya chakula, akalala hadi alasiri. Hatukumwamsha. Alipoamka alilia kidogo, kisha akaomba chai.

Kutoka Ushongo mashua hupeleka wageni kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti, na kasa wengi walitaga hapo. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imetoweka, na sasa limebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa bado hutaga, lakini mayai yangezama. Kwa hiyo wanakijiji huyahamishia ufukweni Ushongo na kuyafukia mahali pakavu. Tulifurahi kusikia kwamba wapo watu wanaolea watoto wasio wao.

Kwa kuwa sisi wengine ni wauguzi, tunawakumbusha haya:

Waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, kwa maana hubadilika kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana.

Mama mmoja awe zamu ya kuwatazama watoto, asifanye kazi nyingine. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Aliyezama asiye na pumzi asining'inizwe kichwa chini. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni mara moja, mkandamizeni kifua, na mtu mwingine akimbilie msaada.

Aliyechomwa na taa atumbukize mguu katika maji ya moto yanayovumilika, kisha apelekwe zahanati.

Msikae chini ya mnazi wenye nazi. Maziwe hakuna kivuli. Chukueni miavuli na maji ya kunywa.

Katika Marko 6:31 Bwana Yesu aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike, ingawa kazi ilikuwa bado nyingi. Hakuwaita wavivu. Basi, mama, zungumza na mumeo, mpange siku moja mwaka huu. Naye baba akubali kupika ugali siku hiyo. Watoto hawatakufa njaa.